Kamwene ya Oktavia Imefika Johannesburg

Mjimwema,
Njombe.
14 Agosti, 2004.

Mpendwa mdogo wangu Tarsis,

Pokea salamu za kaka yako kutoka huku kwenye baridi. Hujambo wewe na shemeji Fidelia? Na lile goti, bado linakusumbua? Mimi mzima, meno ninayo, viazi nalima mwenyewe. Simu unanikatia kila nikimtaja mjukuu wetu. Haya, barua utaikataje?

Oktavia amefika juu, Tarsis! Lile shindano la televisheni la Nairobi, la vijana kufungiwa nyumba moja wakipigwa picha mchana na usiku, alitoka wa pili. Lakini huyo wa kwanza leo hajulikani alipo, na wetu ni mwanamitindo Johannesburg. Picha yake imebandikwa kwenye ghorofa, inapita mnara wa kanisa letu.

Na kilichompandisha ni nini? Salamu yangu ya Kibena! Asubuhi ya kwanza mle ndani, wenzake wanapiga miayo, yeye akapiga goti kwa kila mtu: "Kamwene." Wakamcheka, eti mshamba. Hakuacha. Kila asubuhi kamwene, mpaka kwa mpishi, mpaka kwa kamera. Watu wa mitindo wakadhani ndilo jina lake, na ndilo wanalomwita hadi leo. Nani alimfundisha? Mimi. Kwangu asiyesalimu hali chakula.

Majuzi nilikwenda Makambako kuangalia onyesho lake kwenye televisheni dukani kwa Sudi, yule muuza vipuri vya malori. Duka limejaa. Mtangazaji akaita, "Kamweneee!" Wabena wote tukaitika, "Kamwene!" Mimi hata kofia nilivua. Sudi akacheka mpaka akakaa chini. "Wazee wangu, anaitwa binti, hamjasalimiwa nyinyi!" Nikamwambia, "Nyamaza, Sudi. Tumesalimiwa na Afrika Kusini nzima." Ndipo akatokea, na shingo ile ya mama yetu, hatazami chini. Sikulia. Ni moshi wa malori.

Sasa sikia. Alipokuwa anakwenda Nairobi, alikuja kwanza huko Muheza kukuaga. Alipiga goti mlangoni kwako akasema kamwene, ukageuka ukaingia ndani, eti anakwenda kuuaibisha ukoo. Yeye hakunishtakia, alinieleza shemeji. Lakini kila akipiga simu ananiuliza, "Babu, babu wa Muheza ataniitikia lini?" Dunia yote inamwitikia, umebaki wewe.

Krismasi anakuja, na atapitia hapo kwako kabla ya kwangu. Nimemkataza, amekataa. Ubishi kautoa kwangu, siwezi kumlaumu. Usimchinjie kuku, wala usianze mahubiri yako. Akipiga goti, neno ni moja tu na unalijua.

Nisalimie shemeji, Ezekia na Hilda. Margareth wangu anakusalimu, anasema viazi vyako ameviweka. Mungu alishike goti lako, na roho yako ailainishe.

Ni mimi kaka yako nikupendaye, hata ukininunia,

Dionis

Barua hii usinijibu mimi. Mjibu yeye.