Mwanangu Amezima Tanuri, Anangoja Mana

Mwanangu amezima tanuri! Amelizima kabisa, majivu yamepoa, na mke wake ana mimba ya miezi minane, na yeye amekaa kwenye benchi nje ya duka lake na mikono mitupu, anasema anamngoja Bwana!

Shikamoo mshauri, au marahaba, sijui nani mkubwa kati yetu, unisamehe nimetanguliza moto kabla ya salamu lakini maji yamenifika shingoni, naomba msaada wako kabla hayajanifika puani.

Kwanza umjue huyo mtoto usije ukadhani nimezaa mvivu. Ni mwokaji mikate, na sisemi kwa sababu ni wangu, muulize mtu yeyote mtaani kwetu mkate mzuri unapatikana wapi, atakuonyesha mlango wa mwanangu kwa kidole kwa sababu mdomo wake umejaa. Mkate wake hata bibi asiye na jino anaumaliza na kuomba ganda. Harusi wanamwita yeye, na yule mwalimu wake aliyesema hatafika popote sasa anapanga foleni pale dukani kama watu wengine, na mimi nikipita namsalimia kwa sauti ili watu wageuke. Mimi shule niliishia darasa la saba, lakini kuzaa nilijua.

Sasa mwanangu ni mtu wa Mungu tangu utotoni, anahudhuria mafunzo ya Neno kila Jumatano, na Jumatano moja walisoma habari za mana, jinsi wana wa Israeli walivyoambiwa waokote ya siku ile tu, na walioificha mpaka asubuhi wakaikuta imeoza imejaa mabuu. Kesho yake akafungua gunia la unga lililokaa ukutani, mshauri, akakuta wadudu wanatembea. Akaniita mbio, uso umembadilika.

"Mama, umeona? Nimeweka akiba, imetoa mabuu!"

Nikamwambia, "Baba, huo ukuta unavuja tangu mvua zilizopita, unga umeshika unyevu, ungefanyaje?"

"Mungu anatumia hata ukuta unaovuja, mama."

Siku hiyohiyo akagawa magunia yote, hata yale mazima, watu wakabeba mpaka kwenye ndoo, halafu akachukua donge la chachu akalitupa. Huenda wewe si mtu wa tanuri, mshauri, ngoja nikueleze, mwokaji akishakanda unga wa leo anamega donge moja analiweka kando, ndilo litakaloumua mkate wa kesho, na la kesho anamega tena, na lile la mwanangu lilitoka kwenye bakuli langu mimi siku alipofungua duka, halijawahi kukatika. Akalitupa kwenye pipa la taka. Akasema kuweka donge kwa ajili ya kesho ni sawasawa na kuficha mana, na tena Bwana mwenyewe ametuonya tujihadhari na chachu ya Mafarisayo. Nikamwambia Mafarisayo hawajawahi kukanyaga jikoni kwangu! Hakucheka.

Tangu hapo akawa anaoka tu mtu akimletea unga wa siku ile, asipoletewa hakuna mkate, na sasa hata wa kuletewa amekataa, anasema mwenye kuamini anatulia. Fundi cherehani jirani yetu ananipigia kelele dirishani, "Mama mwokaji, leo mana imeangukia upande gani tulete vikapu?" Nami namjibu alete kwanza suruali ya mume wangu aliyokaa nayo mpaka mwenyewe amenenepa, lakini nikishaingia ndani nakaa chini.

Mshauri, tanuri si kitu, tanuri litawashwa. Kinachonitetemesha ni mkwe wangu. Mkunga amempima akasema mtoto amekingama tumboni, hajageuka, na kwa miezi hii mkunga hategemei kwamba atageuka, kwa hiyo mama asingoje uchungu umkute nyumbani, awe ameshafika hospitali kubwa mapema, kwa sababu uchungu ukianza wakiwa huku kwetu na barabara yetu hii wanaweza kupotea wote wawili. Alisema hivyo mbele yangu, wote wawili. Nimeyasikia kwa masikio yangu na bado nayasikia nikiosha vyombo.

Na mwanangu akasema hatakodi gari la siku ambayo haijafika. Kwamba ndege wa angani hawapandi wala hawakodi gari. Halafu akachukua begi alilokuwa ameliandaa mkewe, lenye shuka, pamba na vinguo vya mtoto, vilevile vilivyoandaliwa kwa yule wa kwanza ambaye hakukaa, akampa mwanamke mmoja mpita njia. Akasema mtoto ana Baba yake mbinguni, atakuja na vyake.

Nikaenda kwa mkwe wangu, nikamkuta anakunja shuka moja iliyobaki, anaikunja na kuikunjua. Nikamwambia, "Mwanangu, usiogope." Akanijibu bila kuniangalia, "Mama, kuzaa siogopi. Naogopa kuzaa njiani."

Nikamwendea mwanangu pale kwenye benchi, nikamsema kama alivyokuwa mdogo, akaniacha nimalize, halafu akaniuliza kwa upole, "Mama, nani alinifundisha kuomba mkate wa leo? Uliwahi kuniambia niombe na wa kesho?" Nikanyamaza. Mimi ndiye niliyemfundisha, amepiga magoti ubavuni mwangu.

Sasa hapo ndipo ninapokwama, mshauri, maana na mimi nasoma Neno, na nikisoma naona linasema huku na huku. Hapa tunaambiwa tusisumbukie chakula wala mavazi, pale tunaambiwa asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana imani. Hapa tusijiwekee hazina, pale mvivu anatumwa kwa chungu akajifunze kuweka akiba. Chachu hapa ni mbaya, mbele kidogo ufalme wa Mungu wenyewe unafananishwa na chachu. Mungu ni mmoja, mbona anasema mawili? Na nikimlazimisha mwanangu, je, si nitakuwa kama Petro, aliyemzuia Bwana kwa mapenzi yake yote akaambiwa rudi nyuma yangu Shetani? Kanisani aliposimama kutoa ushuhuda mama mmoja wa kwaya alinikumbatia akasema umezaa nabii, nami nilisema amina, kwa kweli ilikuwa amina kubwa. Sasa naogopa kumpinga Mungu, na naogopa kumzika mkwe wangu, na imeandikwa tusiogope, kwa hiyo naogopa hata kuogopa kwangu. Nisaidie, nisemeje na huyu mtoto?

Mimi, mama wa mwokaji.

JIBU

Mama wa mwokaji, marahaba na shikamoo pia, tugawane.

Vuta pumzi, halafu fanya hivi: weka gazeti chini kwa muda mfupi, mpigie dereva, mwambie anahitajika, kisha rudi usome yaliyobaki. Sitanii. Umeniandikia kurasa nzima na katika hizo zote sijaona mahali uliposema umeshatafuta gari. Mkunga alisema na wewe ulikuwepo. Hukuhitaji ruhusa yangu, wala ya mwanao, wala ya mama wa kwaya.

Umepiga? Haya.

Unauliza mbona Mungu anasema mawili. Mwambie mwanao arudi kwenye ile mana, kwa sababu aliifunga Biblia mapema. Siku ya sita watu walewale, jangwani mulemule, waliambiwa waokote mara mbili na kuweka mpaka asubuhi. Wakaweka. Haikuoza, wala haikutoa mdudu. Aliyesema usiweke ndiye aliyesema weka. Kuna siku ya kuokota ya leo tu na kuna siku ya kuokota ya leo na kesho, na mwenye mke wa miezi minane hahitaji malaika amwambie yuko siku gani.

Bwana alipowatuma wanafunzi mara ya kwanza aliwaambia waende bila mkoba. Baadaye, mambo yalipokuwa yanakaribia kuwa mabaya, akawaambia mwenye mkoba auchukue. Hakusahau alichosema. Safari ilikuwa nyingine. Na alipolisha ule umati kwa mikate michache, mikate, mama, kazi ya mwanao, aliamuru vipande vilivyobaki vikusanywe kisipotee kitu. Aliyeweza kutoa mkate bila tanuri hakutupa hata ganda. Sasa mwanao anayehitaji tanuri anatupa donge zima kwenye pipa?

Hiyo habari ya kutosumbuka imesemwa kwa moyo, haikusemwa kwa mikono. Moyo utulie, mikono ikande. Na hao ndege anaowasema, kweli hawapandi. Lakini muulize kama amewahi kuona ndege anataga kabla ya kujenga kiota.

Umemtaja Petro. Mbona hukumtaja yule aliyempandisha Bwana juu ya hekalu akamwambia ajitupe, malaika watamdaka? Yule naye alikuwa na mstari wake, tena aliukariri vizuri. Akajibiwa kwamba Mungu hajaribiwi. Kumngojesha mwanamke mwenye mtoto aliyekingama mpaka uchungu umkute barabarani ni kumpandisha juu ya hekalu na kumsukuma. Mtu akitaka kufunga, afunge kwa tumbo lake. Tumbo la mkewe si lake kulifungia.

Nawe, mama, nikukemee kidogo kwa sababu nimeshakupenda. Ulitaka nabii ukasema amina, sasa unataka mwokaji unalia. Mtoto ni yuleyule. Punguza kumwonyesha watu, mwangalie mwenyewe. Na ungemwangalia ungeliona lile jambo uliloliandika nusu mstari ukalipita mbio: yule wa kwanza ambaye hakukaa. Vinguo vilikuwa tayari, begi lilikuwa tayari, wakarudi nalo bila mtoto. Mimi simfahamu mwanao, naweza kukosea, lakini simwoni mtu mwenye imani kubwa kwenye hilo benchi. Namwona baba aliyejiandaa mara moja akaumia, na sasa anadhani asipojiandaa hataumia. Anaogopa kama wewe unavyoogopa. Tofauti ni kwamba hofu yake ameivisha joho la ibada, ndiyo maana watu wanaipigia makofi.

Kwa hiyo usimwendee na mistari kwanza. Mkibishana kwa mistari atakushinda, umesema mwenyewe alishakunyamazisha. Kaa naye kwenye benchi. Mwambie, "Mwanangu, yule wa kwanza hakuondoka kwa sababu ya vile vinguo." Halafu nyamaza. Akilia, mwache alie. Akikasirika, mwache akasirike, wewe usiinuke. Baada ya hapo ndipo umsomee siku ya sita.

Kuhusu hofu yako, usiitie dhambini. Iko hofu inayomfanya mtu ajifiche, na iko inayomfanya akimbilie hospitali. Hiyo ya pili ni ya kumshukuru Mungu. Na mkwe wako hakukwambia asilolijua. Ameshasema anachokiogopa, kwa maneno machache kuliko yetu sote. Msikilizeni.

Donge la chachu utampa lingine kutoka bakuli lako, nina hakika bado unalo, mama wa aina yako hakosi. Lakini hilo lingoje. Gunia lingoje. Fundi cherehani naye angoje, ingawa suruali ya mzee idai.

Isiyongoja ni hii. Mkwe wako asibaki katika nyumba hiyo mpaka mwezi uishe akingoja mtu apate ufunuo. Ita kikao, lakini kiwe kifupi: mwanao, mkewe, mama aliyemzaa mkewe, mchungaji wenu, na mkunga aketi mahali ambapo mwanao hawezi kuepuka kumtazama. Mkunga aseme kwanza, mchungaji aombe baadaye. Kila mmoja aje na kitu kimoja cha mtoto, hata kama ni kitambaa, na wewe uje na begi jipya mkaliweke wazi mezani. Dereva aje na gari limeshajazwa mafuta, aegeshe mlangoni, kwa sababu kikao kikiisha mkwe wako haendi nyumbani. Anakwenda hospitali na mumewe ndiye atakayebeba begi, na akikataa kulibeba utalibeba wewe.

Waambie wote leo hii, asiwepo wa kusema hakusikia: ni Jumamosi hii, asubuhi, nyumbani kwako.