Filimbi za Darasa Langu

Katoyi, Goma

Yaya Sikuli,

Unga ulifika, asanti. Tuko wazima.

Paroisi, kanisa letu, ilipatia watoto wa darasa langu flûte za plastiki, zile filimbi za kupigia muziki. Unajua, tangu vita ifike Sake, karibu na sisi, tunalinda quartier, mutaa wetu, na filimbi: ikilia, ni kusema watu wa bunduki wameingia kwa nyumba ya mutu, na jirani wote wanatoka. Siku ya kwanza watoto walipuliza wote mara moja. Jirani yetu, Mama Élisabeth, akaingia mbio na muti wa kutwangia majani ya sombe: "Wako wapi?" Tulicheka mpaka machozi. Nikazunguka nyumba kwa nyumba: "Mukisikia filimbi muchana, musiogope, ni watoto wangu."

Walinisadiki, Yaya.

Juzi asubui nilikuwa ninaonyesha watoto namna ya kufunga matundu na vidole. Filimbi ikalia inje, ikalia tena. Hakuna mulango uliofunguka katika avenue, njia yetu yote. Flûte zetu zote zilikuwa juu ya meza. Mimi peke yangu nilijua si sisi.

Nilifunga mulango wa darasa, juu ya kulinda watoto.

Mama Élisabeth tulimuzika jana, na filimbi yake.

Usiniandikie kama nilifanya vizuri ao vibaya. Uniombee tu.

Mudogo wako,
Charline