Ugali wa Jumanne

Kamunyonge, Jumapili

Shemeji Dafroza,

Recho amekufa. Alianguka bombani Jumanne mchana, tukamzika nyumbani Kiriba Alhamisi. Simu yako haipatikani, ndiyo maana naandika. Mugeta anakuja huko Manyamanyama, atakupa hii.

Mvua hakuna huku. Ile kuku yako nyekundu inataga.

Siku hiyo Recho alipika ugali na dagaa, akala kidogo, akafunika, akaenda kuchota maji. Wamama wa msibani wakaosha vyombo vyote. Ile sufuria ya ugali nikaikamata. Mama Gloria, jirani yetu, akasema, "Shemeji Masatu, kiporo cha marehemu unakipeleka wapi? Lete tuwape kuku." Nikamwambia kuku hawakumuoa. Wakacheka, wakaniachia.

Unamjua dada yako, alikuwaga hatupi kiporo. Ugali anakata vipande, anaanika juu ya bati, asubuhi anakaanga, navinywea chai nikienda kazini. Na mimi nikakata. Vyake vilikuwaga vyembamba, vyangu vimetoka vinene. Watu wanaimba mapambio, mimi niko juu ya ngazi nafukuza kunguru. Najua wamenisema.

Vimekauka. Vilitoka kumi na moja. Vitano nimevifunga kwenye gazeti, Mugeta anavyo, ni vya kwako. Loweka kwanza kwenye chai, ni vigumu sana.

Vilivyobaki nitakaanga asubuhi. Kesho narudi kwenye zege.

Shemeji yako,
Masatu