Salamu za Ngolo Mbele ya Kamera

Kambi ya Utafiti,
Bonde la Momba,
Kupitia Posta ya Tunduma.
21 Septemba 2014.

Mpendwa dada Tulinagwe,

Shikamoo dada. Kabla ya yote, kifua chako kinaendeleaje na vumbi la huko Kitwe? Na watoto, bado wanasikia Kindali au wameshakuwa Wabemba kabisa? Mimi mwili hauna shida, ila joto la bondeni limenishinda kulizoea. Mtu aliyekulia Itumba anautafuta ukungu hata usingizini.

Mama atakuwa amekwambia nimejitolea kwenye utafiti wa wanyamapori. Tunafunga kamera kwenye miti. Mnyama akipita, zinapiga picha zenyewe. Kazi yangu ni kuzizungukia, kubadilisha betri na kutoa kadi. Picha nyingi ni nyasi zilizotikiswa na upepo. Chui nimempata mara moja, mgongo tu.

Wenzangu wamerudi chuoni. Nimebaki na Ezron, dereva, ambaye akishakula hulala. Siku nyingine natamka neno la kwanza jioni, na sauti yangu inanishtua. Nilikuwa nimeamua mwezi huu ukiisha nirudi nyumbani. Joto lingevumilika, dada. Kilichonishinda ni kukaa mahali ambapo hakuna anayejua kama nimeamka.

Kumbe alikuwepo.

Kamera moja iko kando ya mto mkavu, ambako Ngolo, mke wa mfugaji wa Kisukuma, huenda kufukua maji mchangani. Tulipoifunga nilimwomba watoto wasiichezee, nikaongeza kwa utani, "Hili ni jicho langu, mama. Ukipita hapa nakuona." Aliitikia kwa kichwa, wala hakucheka.

Juzi nilitoa kadi ya kamera hiyo. Ngolo yumo, asubuhi baada ya asubuhi. Anatua ndoo, anapiga magoti mbele ya mti, anainua uso, anangoja. Kisha anajitwisha na kuondoka. Picha za mwanzo anatabasamu. Za mwisho bado anapiga magoti, lakini haangalii juu.

Jana nikaenda kwao. Boma tupu, wamehama kufuata majani. Nilimkuta shemeji yake tu, Masumbuko, akipakia vyombo vilivyobaki kwenye mkokoteni.

"Wewe ndiye dada wa jicho?" akauliza. "Shemeji kakasirika. Unasalimiwa na mtu mzima, unanyamaza! Hata fisi wako huwa wanaitikia."

Nikamweleza kwamba kamera haisikii wala haisemi, na picha mimi naziona baadaye sana. Alicheka mpaka akaegemea gurudumu. "Sasa kwa nini ulimwambia unamwona?"

Nilimwomba amfikishie salamu zangu. Akasema mvua zikianza watarudi.

Utaratibu wetu ni kufuta picha za watu. Leo mchana nimezifuta, moja moja, na kila moja nimeiitikia kwa sauti, "Marahaba, mama," kisha nikaona si sawa, yeye ni mkubwa kwangu, nikaanza kusema, "Shikamoo." Ezron ameamka na kuniuliza naongea na nani.

Nitabaki mpaka mvua.

Nisalimie shemeji Rabson, watoto wote, na shangazi Ruti akipita hapo. Mungu awafunike, akulinde na kifua hicho. Nawe dada, ukiipata barua hii, niandikie hata mstari mmoja, nijue imefika kwa mtu.

Mdogo wako akupendaye,
Jenista