Niliwaambia Waandike Saa

Jumanne

Bado nina hasira, na sijui nimkasirikie nani.

Leo Konstebo Ouma, mmoja wa askari niliowafundisha wiki jana kuzuia damu, alimkuta mtu wa bodaboda pale Otonglo, mguu umepasuka. Zamani wangemrusha tu nyuma ya gari. Ouma alifunga mkanda juu ya goti, akaukaza vizuri, damu ikasimama. Mgonjwa alitufikia kasualti hapa hospitalini akiwa hai.

Lakini mkanda ulifungwa saa ngapi? Ukikaa sana mguu unakufa. Sisi wauguzi huandika saa kwenye paji la uso wa mgonjwa. Lake halikuwa na kitu, na mwenyewe alikuwa hajielewi. Ouma alishaondoka, simu yake imezimwa. Daktari akabaki kukisia.

Nilimpata Ouma kwa simu jioni, nikamfokea. "Saa uliandika wapi?"

"Niliandika, Sista. Iko kwa OB hapa stesheni. Hata nimepiga sahihi."

Askari akiambiwa aandike, ataandika wapi tena kama si kwenye kitabu chao cha matukio?

Wakati natoka, baba wa mgonjwa alikuwa bado kwenye benchi. "Sista, mguu utabaki?" Nikamwambia, "Mzee, tuombe Mungu." Daktari mwenyewe anasema tungoje kesho.

Sasa nimefungua karatasi za somo langu. Mwandiko ni wangu: "Ukishafunga, andika saa."

Basi. Wapi, sikusema.