Dada Anataka Nesi, Mpwa Anataka Mafriji, Nami Nimewaahidi Wote Wawili

Mshauri mpendwa,

Nakuandikia wewe kwa sababu kila mtu ninayeweza kumuuliza jambo hili tayari ni mmoja wa wahusika, na mke wangu nikianza tu kulitaja anasema "hilo ni la kwenu" na kuendelea na shughuli zake, kwa hiyo naomba unisaidie wewe usiyetujua.

Mimi ni mwalimu wa jiografia, na juu ya jiografia nimebebeshwa kazi ya kuwaongoza wanafunzi wa mwaka wa mwisho waamue watakwenda wapi wakimaliza shule. Kazi hiyo sikuiomba, siku ya kugawana majukumu nilikuwa nimekwenda kung'oa jino, na asiyekuwepo kikaoni hupewa kilichobaki, na tangu hapo imenishika mpaka leo. Chumba nilichopewa kilikuwa stoo ya michezo, bado kina nyavu na mipira iliyoishiwa upepo, na ukutani kuna picha ya rubani aliyepaushwa na jua mpaka huwezi kujua kama anacheka au analia. Mwanafunzi anaingia, anakaa chini ya rubani, namuuliza anataka kuwa nani, ananiambia daktari, huku kemia amepata alama za kuhurumiwa, na mwingine juzi kaniambia anataka kuwa mwenye nyumba za kupangisha, nikamuuliza nyumba atazitoa wapi, akasema hilo ndilo alilokuja kuniuliza mimi. Wananiita Dira. Mshauri, dira imechoka, siku hizi nikisikia hodi mlangoni natamani nijifiche nyuma ya nyavu.

Sasa kilichonifikisha kwako ni mpwa wangu, binti wa dada yangu, ambaye mwaka huu anamaliza katika shule hiyohiyo ninayofundisha. Dada anaishi nyumba ya jirani na yangu na ni mfanya usafi hospitalini, anapiga deki kwenye wodi tangu mtoto huyu hajaanza shule, na mumewe ni dereva wa lori, leo yuko kesho hayupo. Dada huyu ndiye aliyeacha masomo ili mimi niendelee, na hajawahi kunisimanga hata siku moja, na bora angenisimanga, maana kwa kutonisimanga kwake mimi mbele yake sina mdomo. Mwanzoni mwa muhula alikuja kwangu akakaa, akavua viatu akaikanda miguu yake, akaniambia, "Kaka, mtoto anakusikiliza wewe. Mimi nimepiga deki chini ya manesi mpaka nawajua kwa viatu. Nataka siku moja viatu hivyo viwe vya mwanangu. Zungumza naye achague uuguzi." Nikamwambia, "Niachie mimi, dada." Ungemwona uso wake ulivyonyooka, nawe ungesema hivyohivyo.

Baadaye ikafika zamu ya binti kuja chumbani. Mshauri, asubuhi hiyo tulikuwa tumekunywa chai pamoja kwangu, lakini alipofika mlangoni alibisha hodi na kusubiri aambiwe karibu, akaniita mwalimu, akaniuliza kama ile sheria iliyobandikwa mlangoni inamhusu na yeye. Sheria hiyo niliiandika mwenyewe kwa wino mwekundu, inasema kinachosemwa humu kinabaki humu, bila hiyo watoto hawafungui midomo. Nikamwambia inamhusu. Akasema, "Mwalimu, mimi unesi siutaki. Nataka kusomea ufundi wa mafriji." Nikacheka kidogo, nikakumbuka ana alama nzuri za biolojia na kemia, nikamuuliza kwa nini, na hapo ndipo aliponiambia jambo ambalo tangu siku hiyo halinitoki.

Likizo iliyopita alikuwa akimsaidia mama yake kubeba ndoo kule hospitalini. Siku moja kikamwagika kitu wodini, na nesi mmoja, msichana tu, hamzidi binti huyu miaka mingi, akampigia dada yangu mluzi. Hakumwita kwa jina, hata "wewe wa deki" ambayo wamezoea hakuisema, alipiga mluzi. Na dada yangu, mtu mzima, akaitikia "abee," akaenda na tambara lake. Binti alikuwa nyuma yake na ndoo, akainama akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Akaniambia, "Mwalimu, mama anataka nivae sare ile. Nikiivaa nitakaa meza moja na yule nesi, tutacheka naye, tutakunywa naye chai. Siwezi." Siku hiyohiyo alikuja fundi kutengeneza friji la dawa, wodi nzima wakamzunguka kama bwana harusi, na fundi huyo alipokuta sakafu mbichi alisimama akangoja ikauke, akamwambia dada, "Samahani mama, nisikuharibie kazi." Binti akamshikia tochi, akaelezwa gesi inavyozunguka na kompresa inavyoisukuma, na tangu hapo haambiliki.

Nilimwambia amweleze mama yake. Akaruka. Akasema mama hajui kwamba yeye aliona, na akijua atakufa kwa aibu, na kwamba mama mwenyewe tangu likizo ile hataki tena kwenda naye kazini, anasema mtoto asome. Kisha akaniangalia, sasa si mwalimu tena, akasema, "Mjomba, kule nyumbani utanisaidia?" Nami, Mungu anisamehe, nikajibu, "Niachie mimi, mwanangu."

Basi nimebaki hivyo. Dada akiniuliza namwambia tunaendelea vizuri, binti akiniuliza namwambia natafuta wakati mzuri, na wote wawili wananishukuru, na shukrani zao zinanichosha kuliko vipindi vya mchana. Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu shemeji atakuwa nyumbani na kikao kimeshapangwa, na Jumatatu yake maombi ya vyuo yanafungwa, na shule inapokea chaguo moja tu kwa kila mwanafunzi. Dada ameshasema kwamba kikaoni mimi ndiye nitakayefungua mazungumzo. Binti naye amesema hivyohivyo.

Nifanye nini? Nivunje sheria yangu nimwambie dada kile binti alichoniambia? Au nimbembeleze binti achukue uuguzi kwanza ili mama yake apumue, mengine yatajulikana huko mbele? Nakiri nimewaza hata kuumwa siku hiyo. Nisaidie, maji yamenifika shingoni.

Ni mimi,
Mjomba Aliyechoka

*

Mjomba,

Barua yako nimeitoa katikati ya foleni kwa sababu mwisho wa mwezi hauko mbali. Pole kwa uchovu. Kuwauliza watoto wa watu watakuwa nani, mwaka nenda mwaka rudi, ndani ya stoo, ni kazi ya kumchosha yeyote. Pole hiyo iweke mfukoni uitunze, maana huku mbele sina nyingine.

Kuumwa usiumwe. Ulishapata kazi moja kwa sababu ya jino, ukikosa kikao hiki utarudi ukute umepewa nyingine.

Kosa lako unalijua, ila umelipamba. Umempaka dada yako mafuta kwa mgongo wa chupa, ukamgeukia mtoto ukampaka na yeye. "Niachie mimi" ni neno tamu sana kulisema, anayelisema anaonekana mtu wa maana papo hapo na kazi yenyewe haijaanza. Kila siku unayosema "tunaendelea vizuri" unampunguzia binti siku za kujitetea na unamwongezea dada yako matumaini. Jumamosi ikifika wote wawili watakutazama wewe, na hapo mshika mawili hana pa kuponyokea.

Siri ya binti usiitoe. Hata dada akulilie, hata shemeji apige meza. Ukiivunja hiyo, kesho yake hakuna mtoto atakayekaa tena chini ya huyo rubani wako na kukuambia ukweli, na wako watakaokuwa na makubwa kuliko haya. Na habari ya kumbembeleza achukue uuguzi kwanza, mama apumue, sitaki kuisikia tena. Wagonjwa nao ni watu. Hawahitaji nesi aliyeletwa wodini ili familia ipite salama Jumamosi moja.

Leo hii mwite binti kwako. Usimwite stoo, mwite nyumbani, kama mjomba wake. Mwambie, "Nilimwahidi mama yako pia." Atakasirika, na ana haki. Mwache akasirike mpaka amalize, usimkatize kwa methali.

Akishatulia, muulize swali ambalo ulipaswa kumuuliza siku ile badala ya kucheka: manesi wale wote wangekuwa na adabu, wangemwita mama yako mama, wewe ungetaka unesi? Nyamaza umsikilize. Mimi nina wasiwasi na huyo fundi wake. Kijana muungwana kangoja sakafu ikauke, Mungu ambariki, lakini mtu hachagui kazi ya maisha yake kwa sababu ya fundi mmoja mwenye adabu. Wako mafundi watakaokanyaga deki ya mama yake kwa buti lenye grisi na wasigeuke. Na huko karakana yeye mwenyewe atapigiwa mluzi, tena kwa sababu ni msichana. Kama anachokimbia ni dharau, mwambie ukweli kwamba dharau haina sare maalumu.

Akikwambia anayataka mafriji hata hivyo, mpeleke kwa fundi siku mbili tatu kabla ya kikao. Abebe mtungi wa gesi kupandisha ngazi, aunguze kidole, arudi nyumbani ananuka. Akiamka kesho yake na kutaka kurudi, una jibu, na baba yake pia atakuwa na kitu cha kukiona kwa macho. Akinyamaza, au akisema kumbe unesi wenyewe haumchukizi, mwambie kwamba wodi ile ingefaidika na mtu aliyekuwepo siku ya mluzi. Liseme mara moja uliache. Huo uwe uamuzi wake, asiubebe kama adhabu.

Kikaoni usifungue mazungumzo wewe. Wamekupa ufunguo kwa sababu kila mmoja anadhani utafungulia upande wake. Afungue binti. Shemeji akipandisha sauti, hapo ndipo useme, na useme kama mjomba: "Shemeji, mwache mtoto amalize." Mwalimu hana mamlaka hayo sebuleni kwa watu. Mjomba anayo.

Limebaki la dada yako, na hapa ndipo nilipokukasirikia hasa. Unaniambia hajui kwamba mtoto aliona. Mjomba, wewe umesoma wapi? Mwanamke ameitikia mluzi na mwanawe yuko hatua moja nyuma ameshika ndoo, halafu ghafla hataki tena mtoto huyo aje kazini, na ninyi wawili mmekaa stoo mkaamua kwamba hajui? Anajua. Ameitikia "abee" akijua, kwa sababu mshahara ule ndio ulionunua madaftari. Alipogeuka alimkuta mtoto ameinama anafunga kiatu ambacho hakikufunguka, na hilo ndilo analokwenda nalo kazini kila asubuhi. Anaamini mwanawe alimwonea aibu. Anapokazania viatu vya nesi, huenda anatafuta siku moja tu ambayo mtoto huyo hatainama.

Kumbe mtoto hakumwonea aibu. Alimwonea uchungu, kiasi kwamba hawezi kukaa meza moja na aliyemdharau mama yake. Hiyo ni habari njema kuliko cheti chochote ambacho dada yako ataletewa nyumbani, na wewe umeikalia huku ukimwambia mambo yanaendelea vizuri.

Kwa hiyo hili lisingoje Jumamosi. Mwambie binti aende kwa mama yake jioni hii, wawe wawili tu, amwambie alichokiona na kwa nini aliinama. Chuo watakizungumza wakishanyamaza kulia.