Wenzo wa Flapu

Mbumbuni, Jumapili jioni

Na bado mkono unaniuma. Kapteni alinipiga ngumi leo asubuhi, mimi rubani msaidizi wake, tukiwa katika dhoruba juu ya vilima vya Makueni na abiria wakipiga mayowe nyuma yetu.

Kisa ni flapu, vile vibao vya nyuma ya bawa vinavyoibeba ndege inapopunguza mwendo. Anayerusha huagiza, mwenzake hutazama kasi, huitamka, ndipo avute wenzo. Kasi ikizidi kikomo, upepo unaweza kuvirarua.

"Flapu!" akafoka.

"Kasi bado iko juu, Kapteni."

"Wewe msichana, nimesema vuta!" Ngumi ikatua kwenye kifundo cha mkono wangu, akavuta mwenyewe. King'ora kikalia, ndege ikatikisika kana kwamba inapigwa marungu.

Tulipotua Nairobi alicheka. "Hiyo ilikuwa upepo tu. Usianze kusumbua mafundi."

Labda ni kweli. Kipimo kilikuwa kikirukaruka, na huenda aliona kasi ikishuka nilipopepesa macho. Nimejihoji hivyo njia nzima hadi nyumbani.

Mama aliushika mkono uliovimba. "Nani amekufanya hivi, mwiitu wakwa?" akauliza, akiniita binti yake kwa Kikamba.

Nikasema ni mlango wa ndege. Kisha nikawafikiria watakaoketi ndani ya ndege hiyo kesho, na wale watoto waliolia nyuma yetu leo...

Nimempigia fundi mkuu. Ameizuia ndege hadi vibao vikaguliwe.

Kapteni amepiga simu mara mbili. Akipiga tena nitapokea, Mama akiwa kando yangu, ausikie huo mlango ulioniumiza ukizungumza.